Nilivyompimia mzungu baruti ya gobori kule Ruiru, halafu akanikana mbele ya watu

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni mzee humu ndani, pengine kuwashinda wote. Huwa nasoma tu, siandiki, kwa sababu vidole vimekuwa vigumu na hii simu ina herufi ndogo kama chawa.

Lakini juzi kuna kijana alileta uzi hapa. Anasema babu yake ameacha gobori ukutani, sasa anauliza mtu anajuaje baruti iwe kiasi gani na chembe za risasi kiasi gani. Mkamcheka. Mmoja akamwambia ajaze tu mpaka ijae.

Kijana, usijaze mpaka ijae. Na kwanza ipeleke kwa polisi, hiyo kitu inataka leseni.

Swali lako nalijua jibu lake. Nililipata kwa mikono yangu, na lilinigharimu kitu ambacho sijawahi kurudishiwa. Nitasema vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi. Mke wangu Nyambura hayupo tena wa kunisahihisha, kwa hivyo nikienda kombo nitajisahihisha mwenyewe.

Twende.

Miaka ya hamsini ikianza, mimi nilikuwa nimeoa karibuni. Nilifanya kazi kwenye shamba la kahawa nje ya Ruiru, upande wa kwenda Thika. Kazi yangu ilikuwa stoo: dawa za kunyunyizia, magunia, mapanga, spana za pampu. Mtu akitaka kitu, lazima apite kwangu.

Mzungu mwenye shamba tulimwita Nyaga, yaani yule ndege mbuni kwa Kikuyu, kwa sababu ya ile miguu mirefu na vile alivyotembea kati ya mistari ya kahawa akinyoosha shingo. Jina lake lenyewe silisemi.

Hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo mapema. Angekuwa mbaya, nisingekuwa na cha kuandika leo, kwa sababu wabaya walikuwa wengi na hakuna aliyewategemea kwa lolote. Nyaga hakupiga watu. Nyambura alipopata uchungu wa Njoki, binti yetu wa kwanza, ni gari la Nyaga lililompeleka hospitali.

Basi siku moja sanduku refu la mbao likafika kutoka kwao ng'ambo. Baba yake alikuwa amekufa, na amemwachia gobori ya babu yake.

Bunduki za kisasa Nyaga alikuwa nazo. Lakini hii aliipenda kwa namna nyingine. Aliileta stoo ameikumbatia kama mtoto mchanga, akaiweka juu ya magunia yangu, akasema:

"Joseph, mimi nataka piga kanga na hii. Wewe saidia mimi."

Kwa wale hamjui: gobori haiingizwi risasi nyuma kama bunduki za siku hizi. Kila kitu kinaingilia mdomoni. Unamimina baruti, unaweka kizibo, unamimina chembe za risasi, unaweka kizibo kingine chembamba ili chembe zisimwagike, na kila hatua unashindilia kwa fimbo. Halafu unavalisha fataki ndogo ya shaba pale chini ya nyundo. Ukivuta, nyundo inagonga fataki, moto unaingia ndani, na dunia yote inajaa moshi.

Mtutu wake ulikuwa laini ndani kama shingo ya chupa. Kidole gumba changu kiliingia mdomoni bila shida.

Sasa hapo ndipo kazi ilipo. Baruti kiasi gani? Chembe kiasi gani? Kizibo cha nini? Hakuna aliyejua. Baba yake alikufa na siri hiyo. Kulikuwa na kipimo kidogo cha shaba ndani ya sanduku, chenye alama ambazo Nyaga mwenyewe alizikodolea macho asizielewe.

Tulianza vibaya.

Tulisimamisha fremu ya mbao kwenye uwanja wa mawe nyuma ya kiwanda cha kahawa, tukaifunika kwa magazeti ya zamani niliyobandika kwa uji wa unga. Nyaga akapima hatua, akarudi nyuma, akajaza baruti kwa kukisia. Alikisia kama mtu anayejipakulia wali kwa mwingine.

Alipopiga, alikwenda nyuma hatua nzima na kofia ikaanguka. Moshi ulipotoka tukakimbia kuangalia magazeti.

Ngai! Chembe zilikuwa zimetoboa pembeni kote, duara zima, na katikati hakuna kitu. Tupu. Kanga angesimama pale katikati akaendelea kula.

Nyaga alicheka mpaka akashika magoti. Na mimi nilicheka. Nawaambia ukweli, siku ile nilimpenda yule mtu.

Baada ya hapo ikawa kila Jumamosi mchana. Tulipunguza baruti kidogo kidogo, tukaacha chembe vile vile. Lile shimo la katikati likaanza kupungua. Tukafurahi, tukapunguza tena, tukapitiliza. Nilisimamisha debe la mafuta ya taa kando ya magazeti ili tuone kama chembe zina nguvu. Baruti ilipokuwa ndogo sana, chembe zilitandaa vizuri kabisa kwenye karatasi, lakini kwenye debe zilibonyeza tu bati zikaanguka chini. Kwa kanga hiyo ni kumtekenya.

Tukarudi juu kidogo. Mwishowe tukaona mahali penyewe ni pale ambapo baruti na chembe zinajaza kipimo kimoja sawasawa, halafu unaipunja baruti kidogo tu. Kiasi chenyewe sikitaji, kijana, kwa sababu kila mtutu una tabia yake na wako siujui.

Kisha vizibo.

Mwanzo tuliweka gazeti lililokunjwa. Likatoka mdomoni linawaka, likaangukia nyasi kavu, tukazima moto kwa magunia na koti la Nyaga mpaka jasho likatutoka. Gazeti tukaliacha.

Nyaga alikuwa na kofia nzito ya sufi ambayo haivai tena. Fundi wa chuma pale shambani akatunolea kipande cha bomba, tukaiweka ile kofia juu ya gogo, mimi nagonga na nyundo, inatoka miduara kama biskuti. Tukaichovya kwenye mafuta ya kondoo na nta, kwa sababu bila mafuta masizi ya baruti yanagandia ndani mpaka fimbo haipiti.

Lakini shimo la katikati halikuisha kabisa. Ikatusumbua wiki nyingi. Siku moja nikaokota kizibo cha sufi karibu kabisa na fremu, mbali sana kuliko nilivyotarajia. Nikampelekea. Akakigeuzageuza, akakaa juu ya debe, akasema polepole kwamba huenda hiki kizibo kinazisukuma chembe kwa nyuma, kinapita katikati yake na kuzitawanya. Akatoa kisu, akakipasua kikawa nusu ya unene.

Tukapiga. Magazeti yakajaa mashimo kote, katikati na pembeni, kama mtu amenyunyizia kwa mkono.

Siwezi kudai nilimfundisha, na yeye hakunifundisha. Tulikosea pamoja, tukapatia pamoja. Alinipa mkono? Hapana, hawakuwa wanatupa mkono. Lakini alinipiga begani, na akasema "sisi". "Sisi nimepata." Swahili yake ilikuwa ya shamba, lakini neno nilisikia.

Tulianza kwenda chini huko upande wa Ngoliba, kwenye nchi kavu, ambako kanga walikuwa wengi. Mimi ndiye nilikuwa nashindilia, yeye anapiga. Alivaa koti la turubai la kaki lenye mifuko mikubwa, na chembe za risasi alizitia tu ovyo kwenye mfuko wa kulia. Kila tukirudi ananipa kanga mmoja. Nyambura alikuwa akilalamika mikono yangu inanuka mayai viza, maana baruti ukiosha na maji moto ndivyo inavyonuka. Lakini kanga alikuwa akimpika na kumsifu.

Naomba mniruhusu nipumzishe macho kidogo.

Nimerudi.

Halafu Emergency ikaja, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Wale wa umri wangu hawahitaji kuelezwa, na vijana mmesoma shuleni. Nitasema tu linalohusu uzi huu.

Wakati ule, Mkikuyu akikutwa na risasi moja, moja tu, ilikuwa ni kamba shingoni. Hakuna kuuliza ya nini. Na mzungu naye akipoteza bunduki au akizembea nayo ikamfikia Mwafrika, alipelekwa mbele ya sheria na akanyang'anywa leseni. Jirani wa Nyaga yalimkuta hayo. Kwa hivyo Nyaga akaifungia gobori kwenye kabati la chuma pamoja na zile zingine, na safari zetu zikaisha. Mimi nikarudi kwa magunia yangu.

Mwaka uliofuata, baridi ya Julai ilikuwa kali. Nyinyi wa Ruiru mnaijua ile baridi ya ukungu. Nyaga akanikuta stoo asubuhi nimejifunika gunia. Akarudi nyumbani, akanijia na lile koti la kaki.

"Chukua. Mimi iko na lingine."

Nikashukuru. Mfuko wa kulia ulikuwa na tundu, kwa hivyo Nyambura akakaa mlangoni na sindano akaushona.

Wakuu, hapo ndipo maisha yetu yalipogeuka, na hakuna aliyejua. Chembe za zamani zilikuwa zimepita kwenye lile tundu, zikateremka ndani ya bitana mpaka kwenye pindo la chini. Zikakaa huko. Nyambura akaziba tundu kwa mshono mzuri, uzi mara mbili.

Haikupita muda, malori yakaja alfajiri. Wakazunguka nyumba zetu za wafanyakazi, wakatutoa wanaume wote, wakatuchuchumaza kwenye sakafu ya saruji ambako huwa tunaanika kahawa. Mikono juu ya kichwa.

Aliyeongoza alikuwa afisa kijana wa kizungu, ndevu hazijamkomaa. Askari wakapita wanatupapasa mmoja mmoja.

Aliyenifikia akapapasa mifuko. Akashuka chini ya koti. Akasimama. Akabonyeza pindo kwa vidole viwili, akamwita afisa.

Afisa akatoa kisu akapasua.

Zikamwagika kwenye saruji, zikarukaruka, zikabingirika mpaka kwenye miguu ya watu. Yule jirani yangu tuliyechuchumaa naye, tuliyekula naye Krismasi, alijivuta kando kidogo kidogo kama mtu ambaye hanijui. Simlaumu.

"Hii ni nini?" afisa akauliza. Swahili yake ilikuwa nzuri, pengine alizaliwa huku huku.

"Ni za ndege, Bwana. Za kanga. Ni za Bwana wa hapa."

"Zimeingiaje kwa koti yako?"

"Koti nilipewa na yeye. Muulize, Bwana. Muulize tu."

Na mimi nilisema hivyo nikiwa nimetulia. Hiyo ndiyo sehemu inaniuma zaidi mpaka leo. Nilitulia! Nilijua Nyaga atakuja, atacheka, atasema hizi ni zetu za kanga, na tutaenda kunywa chai.

Wakamwita. Akaja amenyoa upande mmoja wa uso, upande mwingine una sabuni. Afisa akamwonyesha zile chembe kiganjani. Akamuuliza kwa Kiswahili, nadhani makusudi, ili sote tusikie:

"Huyu anasema koti ni yako na hizi ni zako. Ni kweli?"

Nyaga akaangalia chembe. Akaangalia afisa. Mimi hakuniangalia.

"Koti mimi nilipa yeye," akasema. "Ile kitu iko ndani, mimi hapana jua."

Hapana jua.

Afisa akauliza tena: "Huyu amewahi kushika bunduki yako?"

"Hapana. Yeye ni mtu ya stoo."

Halafu wakaendelea kwa Kizungu wakienda zao kando, na mimi nikafungwa mikono.

Nilipopandishwa kwenye lori nilimwona Nyambura kwenye kona ya nyumba, Njoki mgongoni, mkono mdomoni. Hakulia. Alikuwa anaangalia pindo la lile koti lililopasuliwa, na mimi sikuelewa kwa nini analiangalia hivyo. Nilikuja kuelewa miaka baadaye.

Nikawekwa rumande Thika. Kila mlango ukifunguliwa nilijua ni mimi. Waliokuwa na kesi za risasi walikuwa wakiitwa na hawarudi. Niliomba zaburi zote nilizozijua, zikaisha, nikaanza upya.

Mwishowe nikaambiwa sitapelekwa mahakamani. Nitapelekwa kizuizini, na hakuna aliyesema ni kwa muda gani.

Ya kambini sitayaandika mengi. Tulichimba mawe, tukayasogeza, tukaambiwa tuyarudishe. Mama yangu alikufa nikiwa huko na habari ilinifikia wakati majani yameshaota juu yake.

Nyambura alifukuzwa pale shambani kwa sababu mume wake ni wa kizuizini. Lakini kabla hajaondoka alikwenda kwenye mlango wa jikoni wa Nyaga. Mpishi, Wekesa, mtu wa Bungoma, ndiye alinisimulia baadaye. Nyambura alisimama pale na mtoto akasema, "Mwambie Bwana sitaki kitu. Nataka aende aseme zile ni zake. Basi."

Wekesa akaingia, akasema. Akarudi na nusu gunia la unga na kopo la jemu.

Nyambura alitaka neno, akapewa unga. Na aliuchukua, wakuu, kwa sababu Njoki alikuwa na njaa. Alipelekwa kwenye kijiji kipya cha lazima ambacho serikali ilikizungushia handaki, akachimba handaki hilo hilo na wanawake wenzake, na unga ule ukawalisha wiki za mwanzo.

Wekesa aliniambia pia kwamba siku niliyokamatwa Bwana hakula chakula cha mchana. Aliniambia kwa wema. Sijui alitaka nifanye nini na hiyo habari.

Nilipoachiliwa, miaka ilikuwa imekwenda. Njoki alijificha nyuma ya mama yake aliponiona. Nilikuwa nimemwacha akiwa mgongoni, sasa anabeba maji.

Jioni ile Nyambura aliniambia jambo lake. Alikuwa amelibeba muda wote huo.

"Baba Njoki, nilipokuwa nashona ule mfuko nilishika vitu vigumu chini ndani ya kitambaa. Nilifikiri ni mbegu. Nikasema nitavitoa siku ya kufua."

"Hukujua," nikamwambia.

"Nilizishona ndani. Mimi, kwa mkono wangu."

Nilimwambia siku ile na miaka yote iliyofuata kwamba hakuna kosa lake pale. Aliitikia kwa kichwa tu. Amekufa hajaniamini. Nyaga alikuwa na sentensi moja ya kusema, hakuisema, na mzigo wake akaubeba mke wangu hadi kaburini. Mkiniuliza kwa nini sijasamehe, ni hapo. Yangu mimi ningeyasamehe.

Sasa sikilizeni kejeli ya serikali ile. Ili nipate ruhusa ya kutafuta kazi Thika mjini, ilitakiwa mtu aliyewahi kuniandika kazi aseme kwamba ananijua.

Ananijua!

Nilikaa siku kadhaa nimegoma. Nyambura hakunisukuma. Mwishowe nikaenda, kwa miguu, mpaka Ruiru.

Nyaga alikuwa amepata mvi. Aliponiona alishuka ngazi za veranda mbio na ile miguu yake, na akanipa mkono. Mara ya kwanza. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Joseph! Mimi nafurahi sana. Wewe najua mimi naokoa wewe?"



Akanieleza. Kwamba baada ya wiki kadhaa alimfuata yule afisa klabuni, wakanywa, akamwambia kwamba Joseph ni mjinga tu, si mtu wa msituni, wasimpeleke kwa jaji. Afisa akakubali. "Wao nataka nyonga wewe," akasema, na macho yake yalikuwa na machozi, wakuu, sidanganyi. Aliamini kabisa. Alikuwa ameingoja siku hii nije nimshukuru.

Nikamuuliza: "Bwana, kwa nini hukusema siku ile, pale mbele ya watu, kwamba ni zako?"

Akaangalia viatu.

"Joseph, wao ingechukua bunduki yangu yote."

Ndivyo alivyosema. Si kwamba wangemfunga. Si kwamba wangemuua. Wangechukua bunduki.

Nilisikia kitu ndani yangu kikitulia kabisa, kama maji yakikatwa. Hata hasira haikuja. Nilimwomba anisemee kwa ajili ya ile ruhusa, akaita karani wake akasema ndiyo, huyu namjua, ni mtu mzuri. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuwasha kiko chake.

Nikageuka kuondoka, akaniita.

"Ngoja. Mimi nataka wewe rudi kazi. Sasa ruhusa iko, mimi natoa ile ya babu tena. Lakini ile mtu mpya hapana weza. Yeye nashindilia vibaya, katikati iko tupu tena. Wewe onyesha yeye, ee? Ile kipimo yetu."

Yetu, alisema.

Nilijua kila kitu. Najua mpaka leo. Ningeweza kuishindilia ile gobori nimefumba macho: baruti ipunjwe, sufi ipasuliwe nusu, mafuta yasizidi, kadibodi nyembamba juu, fimbo ishuke mpaka isikike imefika.

"Nimesahau, Bwana," nikasema.

Akanitazama. "Yote?"

"Yote."

Akasikitika kweli kweli. Akanipa pole! Ati kambi inaharibu kichwa cha mtu. Nami nikaitikia, nikashika njia.

Nilipata kazi kwenye kiwanda Thika, tukapanga chumba Makongeni, tukazaa wengine, tukasomesha. Bendera ya Mwingereza iliposhushwa, Nyaga aliuza shamba akaenda kwao. Wekesa alinipitia kuniambia Bwana ameondoka na ameniachia salamu. Nilimkaribisha Wekesa chai, tukaongea mambo ya watoto. Zile salamu sikuzijibu.

Nimejifunza nini?

Msipime urafiki wa mtu aliye juu yenu kwa vile mnavyocheka naye mkifanya kazi anayoipenda. Nyaga alinipenda, nadhani hata leo ningeapa. Alinipenda mahali ambapo hapakuwa na gharama. Mtu anaweza kula na wewe, kukuvisha koti lake, kukutolea gari mkeo akijifungua, na bado siku akiulizwa swali moja fupi akahesabu kwanza vitu vyake.

Na la pili ni kwa wale ambao leo ndio mko juu, wenye kampuni, wenye maduka, mnaoweka wafanyakazi. Kama kuna neno la kumsaidia mtu, liseme pale pale, na liseme watu wakisikia. La klabuni baadaye ni la kujisafisha wewe. Mke wangu halikumfikia.

Sasa naomba maoni yenu, bila kuniheshimu kwa sababu ya uzee. Mwanangu wa pili, mtu wa sheria, ameniambia mara nyingi: "Baba, bila yule mzungu ungenyongwa, na mimi nisingezaliwa. Hiyo si kitu?" Sijawahi kupata jibu la kumpa. Nyinyi mngemwambia nini?

Na yule kijana wa gobori, kama bado uko humu, usimimine baruti mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye kopo. Ikibaki cheche ndani ya mtutu, kopo lote litalipuka na utapoteza mkono.